Chapa ya Meno na Maji ya Kinywani

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita, ingawa mfalme mmoja na vita viwili vitapita humo. Ni historia ya kazi ya kuchukua chapa ya meno. Kila mmoja awe na kalamu na daftari lake, maana yako maneno machache mapya, na mwalimu atayaandika ubaoni.

Kwanza tufahamu chapa ni nini. Mmepata kuona alama ya mguu wa ng'ombe kando ya kisima. Ng'ombe amekwisha kwenda zake, lakini umbo la ukwato wake limebaki katika matope. Ukimimina ndani ya shimo lile kitu laini ambacho baadaye kitaganda, ukakitoa, utapata mfano wa ukwato wenyewe. Lile shimo tutaliita chapa. Kile kitu kilichoganda tutakiita sanamu. Yaandikeni maneno hayo mawili, chapa na sanamu, kwa kuwa tutayatumia mpaka mwisho.

Daktari wa meno hufanya vivyo hivyo. Mzee aliyeng'oka meno yote hawezi kumwachia daktari kinywa chake siku tatu mezani ili kipimwe. Basi daktari hutia kitu laini katika kijiko kipana chenye umbo la taya, hukiingiza kinywani, hungoja kiwe kigumu, kisha hukitoa. Hiyo ni chapa. Humo humimina jasi, akapata sanamu ya ufizi, na juu ya sanamu hiyo ndipo meno ya bandia hutengenezwa.

Sasa itazameni tena ile alama ya ng'ombe. Matope yakiwa ya majimaji mno, shimo hujifunga lenyewe. Yakipigwa na jua hunywea na kupasuka, na ukubwa wa shimo hubadilika. Mvua ikinyesha, huvimba na kufutika. Yote hayo humpata daktari wa meno, ila yeye kisima chake kimo kinywani mwa mtu. Mwili wa mtu mzima hutoa mate yapata nusu lita hadi lita moja na nusu kila siku. Ufizi huwa na unyevu daima, na ukichokozwa hutoa damu. Kwa hiyo historia ya chapa ya meno ni historia ya ugomvi na maji.

Msidhani ni jambo dogo. Chapa ikikosea kwa unene wa unywele tu, meno ya bandia hayakai. Yatapwaya, au yatachubua ufizi mpaka utoke kidonda. Bibi aliyelipia meno hayo kwa mauzo ya msimu mzima atayavaa siku tatu, kisha atayafunga katika kitambaa na kuyatia sandukuni, akarudi kwenye uji wake. Na meno yaliyo sandukuni hayatafuni nyama.

Hapo kale hapakuwa na chapa kabisa. Mwaka 1728 Mfaransa mmoja, Pierre Fauchard, alitoa kitabu kikubwa juu ya kazi ya meno, na wengi humwita baba wa kazi hiyo. Lakini hata yeye alipima kinywa kwa bikari, kisha meno ya bandia yakachongwa kwa mkono kutokana na mifupa na meno ya wanyama. Mchongaji alipaka rangi, akajaribisha kinywani, akatazama rangi imegusa wapi, akachonga tena. Kazi ilikuwa ndefu na mtu aliumia.

Meno ya kiboko yalipendwa sana katika kazi hiyo, kwa kuwa ni magumu na hayageuki manjano upesi kama pembe za ndovu. Yalitoka huku kwetu Afrika. Rais wa kwanza wa Marekani, George Washington, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu kinywani. Daktari wake, John Greenwood, alimchongea taya ya bandia kutokana na jino la kiboko, akaipachika meno ya watu. Yako maneno yanayosimuliwa kwamba meno ya Washington yalikuwa ya mbao, lakini si kweli. Pengine watu waliona yana madoa na nyufa kama ubao, wakadhani hivyo. Pembe hunywa maji. Ikikaa kinywani hunywa mate na kila kinywaji, ikabadilika rangi na kutoa harufu. Mwaka 1798 Greenwood alimwandikia Washington kwamba meno aliyoletewa yamekuwa meusi sana, ama kwa kulowekwa katika divai, ama kwa sababu ya mwenyewe kuinywa.

Mtu wa kwanza kutueleza wazi habari za chapa na sanamu ni Philipp Pfaff wa Berlin, daktari wa meno wa Mfalme Frederick wa Prussia. Huyu ndiye mfalme niliyewaahidi. Mwaka 1756 Pfaff aliandika kwamba alilainisha nta, akaichukua chapa ya taya nusu kwa nusu, akaziunganisha zile nusu mbili, akamimina jasi ndani yake. Njia ni ile ile ya ng'ombe na kisima.

Nta ina uzuri wake. Hulainika kwa joto kidogo, haina sumu wala ladha mbaya. Lakini nta na maji hawapatani. Mnajua maji yanavyofanya juu ya jani la mgomba: hayatapakai, hujikusanya kuwa matone. Vivyo hivyo mate yakiwa juu ya ufizi, nta hukaa juu ya mate, haiufikii ufizi wenyewe. Tena wakati wa kuitoa kinywani hupinda. Daktari hupata chapa ya mate pamoja na upindo wa mkono wake.

Katika miaka ya 1840 madaktari wa Marekani walianza kufanya jambo la ushupavu. Walichukua jasi yenyewe, ile iliyokuwa ya kutengenezea sanamu, wakaitia kinywani iwe chapa. Hapa natua kidogo, kwa maana jasi ni kitu cha ajabu kuliko watu wanavyodhani.

Jasi ni jiwe laini linalochimbwa ardhini. Ndani ya jiwe hilo mna maji, ingawa huyaoni wala mkono hauoni unyevu. Ukilichoma kwa joto la kadiri, maji mengi yaliyomo hutoka, likabaki unga mkavu mweupe. Unga huo ukichanganywa na maji, hurudisha maji uliyopokonywa, ukawa jiwe tena, na unapogeuka hutoa joto. Zamani ilichimbwa kwa wingi katika kilima cha Montmartre mjini Paris, na ndiyo sababu Wazungu waliita unga huo kwa jina la mji ule.

Basi jasi haiyaogopi mate. Ikiwa bado laini huyanyonya, ikaugusa ufizi wenyewe, na kila mkunjo mdogo hutokea katika chapa. Kwa usahihi, vitu vichache vya zamani viliifikia. Lakini kwa mgonjwa ilikuwa adhabu. Jasi ikishaganda haipindi hata kidogo. Ikiwa mtu alikuwa na meno machache yaliyobaki, yaliyo mapana juu na membamba shingoni, chapa haikutoka ila kwa kuvunjwa vipande mle mle kinywani. Daktari aliokota vipande kimoja kimoja, akaviunganisha mezani kama mtu aungaye chungu kilichovunjika. Kisha ilimbidi aipake sabuni au vanishi ndani, maana jasi mbichi ikimiminwa juu ya jasi kavu hushikamana, na chapa na sanamu vikawa bonge moja.

Kwa nini walikubali taabu yote hiyo? Ni kwa sababu ya mpira. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba utomvu wa mpira ukichanganywa na kiberiti na kutiwa moto huwa imara, na baadaye ukoo wake ukapata mpira mgumu kama pembe, uitwao vulkanaiti. Mpira huo uliweza kukandamizwa juu ya sanamu ya jasi ukiwa laini, kisha ukapikwa mpaka ukawa mgumu. Hapakuwa tena na haja ya kuchonga jino la kiboko kwa wiki nzima. Kwa mara ya kwanza mtu wa kipato cha kawaida aliweza kununua meno. Lakini mpira hufuata sanamu, na sanamu hufuata chapa. Chapa ikiwa na kosa, kosa hilo lafika kinywani.

Mpira ule ulileta na fitina. Kampuni iliyoshika haki ya kuutumia, Goodyear Dental Vulcanite Company, iliwatoza ada madaktari wa meno wote wa Marekani, na waliokataa ikawashtaki. Mweka hazina wake, Josiah Bacon, aliwafuatia mji kwa mji kwa miaka mingi. Mwaka 1879, katika mji wa San Francisco, daktari mmoja wa meno aitwaye Samuel Chalfant, aliyekuwa ameshtakiwa, alimwendea hotelini kwake akampiga risasi, Bacon akafa. Haki ile ya kampuni ilikwisha muda wake miaka miwili baadaye. Sisemi kwamba Chalfant alifanya vema. Nasema tu kwamba meno yamepata kumwaga damu isiyotoka katika ufizi.

Turudi kwenye chapa. Huko London, mwaka 1856, Charles Stent alitafuta kitu kilicho kati ya nta na jasi. Wakati ule watu wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuletewa gutapecha, utomvu wa miti ya Malaya, unaolainika katika maji ya moto. Peke yake ulinywea na kupinda. Stent aliuchanganya na mafuta yaliyogandishwa na unga wa mawe laini, akautia rangi nyekundu. Kitu chake kililainishwa katika bakuli la maji ya moto, na kinywani kikawa kigumu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, daktari mpasuaji Mholanzi, Johannes Esser, alikitumia kushikilia ngozi iliyopandikizwa katika nyuso za askari waliojeruhiwa. Jina la Stent likahama meno likaenda kwa wapasuaji, na leo kile kibomba kidogo kinachowekwa katika mshipa wa moyo ulioziba huitwa stenti. Wengi wanaokibeba kifuani hawajui kwamba jina lake ni la daktari wa meno.

Sasa tumefika pwani ya kwetu, yaani kwenye karafuu.

Mafuta ya karafuu yalijulikana tangu zamani kuwa yanatuliza jino linalouma. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho yujenoli. Katika miaka ya 1870 madaktari wa Marekani walianza kuyachanganya na unga mweupe wa oksaidi ya zinki, wakapata uji mzito unaoganda, wa kuziba matundu ya meno. Wakati huo Unguja na Pemba ndizo zilizokuwa zikitoa karafuu nyingi kupita nchi nyingine duniani. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikatangulia. Wachumaji wa karafuu hizo wengi walikuwa watumwa, kwa maana utumwa haukufutwa kisheria Zanzibar mpaka mwaka 1897. Na si karafuu peke yake. Hata makonyo, vile vikonyo vya karafuu, vilisafirishwa ng'ambo vikakamuliwe mafuta.

Katika miaka ya 1930 uji ule wa zinki na yujenoli ulianza kutumika kuchukulia chapa ya vinywa visivyo na meno. Tabia yake mbele ya maji ni kinyume cha mnavyotazamia. Vitu vingi maji huvichelewesha au huviharibu, lakini uji huu maji huuharakisha. Bila unyevu hata kidogo hauanzi kuganda sawasawa. Ukiuchanganya juu ya kioo siku ya mvua, au Tanga wakati wa masika, huganda upesi kuliko siku kavu. Daktari akitaka uharakike hutia tone la maji. Kinywani, penye joto na mate, huganda kwa haraka. Walioutumia walilalamikia mambo mawili: huunguza kidogo ulimi kama mtu aliyetafuna karafuu nzima, na hung'ang'ania midomo mikavu, hata ikabidi midomo ipakwe mafuta kwanza. Tena, kwa kuwa hauna unyumbukaji, haufai mtu mwenye meno.

Unyumbukaji, yaani uwezo wa kitu kuvutwa na kurudi umbo lake, ndio uliokuwa ukitafutwa na kila mtu. Ulipatikana baharini.

Wajapani kwa karne nyingi wamepika aina fulani za mwani mwekundu wakapata kitu kama mkocho mzito, kiitwacho agari. Ukikichemsha huyeyuka, kikipoa huganda, ukikichemsha tena huyeyuka. Mwaka 1925 Alphons Poller, daktari wa Vienna, alipewa haki ya kutumia agari kuchukua chapa za viungo vya mwili, na baada ya muda madaktari wa meno wakaichukua. Hii haikuogopa maji, kwa kuwa yenyewe ni maji: katika sehemu kumi, zaidi ya nane ni maji. Iliteleza juu ya ufizi wenye mate, ikazunguka jino, ikaganda, kisha ikavutwa ikatoka bila kuvunjika. Ila ilitaka vyombo vingi. Ilichemshwa, ikatunzwa katika maji ya moto, ikapozwa kidogo isiunguze, na kijiko chake kilikuwa na mirija ya kupitisha maji baridi wakati kiko kinywani.

Mwezi wa Desemba 1941 Japani iliingia vitani na Marekani na Uingereza, na agari ikakatika. Hii ndiyo vita ya pili niliyowatajia. Uingereza na Marekani zilikuwa na bahari zenye mwani wa namna nyingine, mwani wa kahawia wa maji baridi. Mwaka 1881 mkemia Mwingereza, E. C. C. Stanford, alikuwa amekwisha kutoa katika mwani wa Scotland kitu kiitwacho aljini, na baadaye Mwingereza mwingine, S. William Wilding, alipata haki ya kukitumia kwa chapa za meno. Agari ilipokosekana, kitu hicho kipya, alijineti, kikashika nafasi, na hakijaiacha mpaka leo. Ukienda hospitali ya wilaya ukachukuliwa chapa, yamkini ni alijineti.

Wasikilizaji wa Paje na Jambiani watasema, "Mwani? Mbona twaulima?" Ni kweli, ukulima wa mwani ulianza huko mwaka 1989. Lakini mwani ule hutoa kitu cha tatu, karagini, ambacho huenda viwandani kufanya vyakula vizito, na hata dawa ya kusugulia meno. Agari na alijineti hutoka katika mwani wa jamaa nyingine.

Alijineti huja ikiwa unga. Ukiutia maji, nyuzi zake huyeyuka. Ndani ya unga mna jasi, yule rafiki yetu wa zamani, na jasi huzifunga nyuzi zile moja kwa moja kama kamba zinavyofungwa kuwa wavu, na maji yakabaki yamenaswa katika matundu ya wavu huo. Kwa dakika mbili au tatu uji umekuwa kitu cha kunyumbuka. Ni rahisi, ni nafuu, wala hauhitaji moto.

Lakini sikilizeni tabia zake. Chapa ya alijineti ikiachwa mezani, hutoa jasho. Ndivyo yanavyofanya maziwa ya mtindi yakikaa: maji hujitenga, na donge hupungua. Maji yale hukauka, na chapa hunywea. Ukisema, "Basi nitaitia ndani ya maji isikauke," umekosea pia, kwa sababu itanywa na kuvimba kama maharagwe yaliyolowekwa. Na ukiikausha kisha ukailoweka, hairudi kipimo chake cha kwanza. Dawa yake ni moja: kumimina jasi mapema, ndani ya dakika kumi hivi, na kama haiwezekani, kuifunga kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Kitambaa kiwe chenye unyevu, kisiwe kinachodondoka maji. Leo zipo alijineti zinazodumu siku kadhaa, lakini nazo hutaka mfuko.

Unga wenyewe nao hunywa unyevu wa hewa. Mwuguzi akisahau kufunika kopo, hasa pwani, unga huharibika kabla haujatumika. Na maji ya kuchanganyia yakiwa na joto, uji huganda mapema mno, kijiko hakijafika kinywani. Kwa hiyo katika nchi za joto wengi hutumia maji ya baridi. Nimewaeleza haya kwa urefu kwa sababu kijiji kinaweza kuwa mbali na fundi wa meno. Chapa ikisafiri kwa basi kutwa nzima ikiwa imefungwa katika gazeti kavu, fundi atatengeneza meno mazuri ya mtu asiyekuwapo.

Baada ya vita ile, wakemia waliacha bahari wakaenda viwandani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulikuja mpira wa polisalfaidi, jamaa ya ule uliotumika kuziba matangi ya mafuta ya ndege, wenye rangi ya kahawia na harufu ya kuchukiza. Katikati ya miaka hiyo ikaja silikoni ya kwanza, isiyo na harufu, lakini ilitoa mvuke wa spiriti ikawa inanywea. Hizo tuziache.

Mwaka 1965, huko Ujerumani, ilitokea polietha, iliyotengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya meno. Polietha hupenda maji. Hutambaa juu ya jino lenye unyevu bila kusitasita. Lakini kwa kuwa hupenda maji, hunywa hata unyevu wa hewa, ikavimba. Basi yenyewe hutunzwa pakavu. Hapa madaktari wengi wamenaswa: mgonjwa mmoja huchukuliwa taya ya juu kwa polietha na ya chini kwa alijineti, na zote mbili hutiwa katika mfuko mmoja wenye kitambaa cha maji. Alijineti yafika salama, polietha imevimba.

Katika miaka ya 1970 ikaja silikoni ya aina nyingine, ambayo haitoi mvuke wala hainywei kwa kiasi cha kuonekana. Chapa yake yaweza kukaa wiki nzima, na yaweza kutumwa kwa posta. Kosa lake ni lile la nta ya Pfaff, miaka mia mbili na zaidi imepita: haipatani na maji. Mate na damu karibu na ufizi huisukuma, na pale palipokuwa na tone hubaki kishimo. Katika miaka ya 1980 watengenezaji waliitia kitu cha jamii ya sabuni, nayo sabuni hufanya maji yatapakae. Yalisaidia. Hata hivyo wafanyao kazi hiyo watakwambia kwamba jina la "silikoni inayopenda maji" ni jina la dukani zaidi kuliko la kinywani; bado jino lazima likaushwe, na uzi mwembamba uwekwe kuuzunguka ufizi, ndipo chapa itoke safi.

Miaka hiyo hiyo ya 1980 ilileta jambo jingine. Kwa sababu ya homa ya ini na UKIMWI, madaktari wa meno walianza kuvaa glavu kila siku, na kila chapa ikaanza kusafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kwenda kwa fundi. Glavu za mpira wa asili zina kiberiti kidogo, na kiberiti huizuia silikoni ile isigande. Madaktari waliikanda kwa mikono yenye glavu, wakashangaa mbona imebaki laini. Na alijineti ikaingia katika dhiki mpya: ikisafishwa kidogo, vijidudu hubaki, ikilowekwa sana, yavimba. Wengi hukomea dakika kumi, kisha huisuuza.

Leo ziko hospitali ambazo hazichukui chapa kabisa. François Duret wa Ufaransa alianza kuifikiria njia ya mwanga mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1985, katika mji wa Zurich, Werner Mörmann alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa mashine inayopima jino kwa kamera na kulichonga siku hiyo hiyo. Kamera yenye ukubwa wa mswaki mnene hupitishwa juu ya meno, na sanamu huonekana katika kioo cha kompyuta. Hakuna uji, hakuna kijiko, hakuna kitambaa. Lakini mate hung'aa chini ya taa, na kamera huhesabu mng'ao ule kuwa ni jino. Pumzi ya mgonjwa nayo hutia ukungu kwenye kioo chake, hata ikabidi ncha ya kamera ipashwe moto. Kabla ya kuipitisha, daktari huweka pamba chini ya ulimi na kupuliza hewa, kama alivyofanya babu yake.

Sasa mwalimu atawaongoza katika jaribio. Chukueni udongo wa mfinyanzi, mfanye madonge matatu yaliyo sawa, na mgandamize ufunguo mmoja katika kila donge. La kwanza liwekeni juani. La pili lifungeni kwa kitambaa chenye unyevu na kulitia katika kopo lenye kifuniko. La tatu lizamisheni katika bakuli la maji. Kesho yake, mjapo darasani, jaribuni kuurudisha ufunguo katika kila shimo, na kila mmoja aandike sentensi tatu juu ya aliyoyaona. Kwaherini.